Mtani Mlangoni

Nilisema neno moja la haraka, na neno hilo lilikuwa njiani kumuua Mzee Longino Ngonyani. Sikulisema kwa ubaya. Nililisema nikicheka, kiganja mdomoni, na lau ungekuwepo Mlango wa Tatu siku tuliyomzika Faustino Kikoti, hata wewe na ukali wako ungecheka.

Ngoja nianze mwanzo, maana mimi Zaina Semboja, mtoto wa Handeni, nina sifa ya kuingia hadithi katikati. Kisima ni mji wetu chini ya uso wa mwezi. Tuko watu elfu moja na mia mbili kutoka nchi kumi na moja, tunachimba barafu, tunaiyeyusha iwe maji, mengine tunayanywa na mengine tunayageuza hewa ya kuvuta. Wafu wetu hatuwaweki ndani. Tunawapitisha Mlango wa Tatu, ambao ni chumba chenye milango miwili: wa ndani ukiwa wazi, wa nje haufunguki, na wa nje ukifunguka hakuna mwenye roho anayebaki pale bila vazi la hewa. Huko nje tunawafukia kwenye vumbi la kijivu, jiwe kichwani, basi.

Anayefungua na kufunga milango yote ya Kisima ni Karani. Ana jina refu la Kiingereza kwenye kibao ambacho hakuna anayekisoma. Karani si mtu, ni mashine yenye akili. Anasikia kila kinachosemwa, anahesabu mapigo ya moyo wa kila mmoja wetu kupitia bangili tunazovaa, na anahukumu kwa lugha moja tu. Waliomtengeneza walimlisha kesi za Kiingereza za miaka mia tatu, kila neno likafungwa na kesi zake. Ukimtajia neno la Kiingereza la wizi, anawaona wezi wote wa miaka hiyo, walichoiba na adhabu waliyopewa. Ukimletea jambo lisilo na neno, ni kama hujamletea kitu. Ndiyo maana tuko sisi wakalimani. Ukiwa zamuni anakunong'oneza sikioni, hiki ni nini, nawe unampa neno moja. Maelezo yako atayasikiliza, hana haraka, lakini atakachoandika ni lile neno.

Siku ya maziko mkalimani wa zamu nilikuwa mimi.

Mwili wa Mzee Kikoti ulikuwa juu ya toroli, umefungwa shuka jeupe. Mkewe, Mama Kikoti, alikuwa hajainua kichwa kwa siku mbili. Tulipofika mlango wa ndani tukamkuta Mzee Ngonyani, fundi wetu wa glavu za mavazi ya hewa, miaka sabini na minne, amelala chali kizingitini. Kichwani amevaa kofia ya sufu ya marehemu. Mikono ameikunja kifuani kama maiti wa pili.

"Hapiti mtu hapa," akasema. "Huyu Mhehe anataka kuondoka bila kuniaga. Na yule mbwa niliyekuwa nimemwekea kwa ajili ya Krismasi nimpe nani? Mimi siyo mla mbwa."

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele. Wasiokuwa Watanzania walitazamana. Sisi wengine tulijua: Mngoni, kama Mzee Ngonyani, humwita Mhehe mla mbwa, maana ni watani, na msibani mtani ana haki zake. Atalala kaburini, ataficha jembe, atavaa nguo za marehemu na kumwigiza anavyotembea, na hutamwondoa mpaka umpe kitu.

"Nataka jogoo," akasema Mzee Ngonyani. Kisima hakuna jogoo. Hakuna hata unyoya.

Ndipo Mama Kikoti akainua kichwa. "Toka hapo, Mngoni. Ninyi kazi yenu kukimbia. Mmekimbia tangu kwa Wazulu mpaka Songea, mkasimama kwa sababu miguu iliwauma. Leo ndiyo unajifanya jiwe?" Akaingiza mkono mfukoni, akamrushia pakiti ya supu ya kuku ya unga.

Mzee akainusa. "Jogoo lenyewe limekonda kama marehemu," akasema, akainuka, akashika toroli kwa mikono yake mwenyewe na kumwingiza rafiki yake chumbani. Mlango wa ndani ulikuwa umezuiwa dakika nne.

Katika dakika ya tatu Karani alininong'oneza. Mtu amelala kizingitini. Amevaa mali ya maiti. Anamtukana maiti. Hiki ni nini? Neno moja.

Mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kicheko. Nikajibu neno la Kiingereza la mzaha: "Joke."

*

Asubuhi yake hukumu ilikuwa kwenye kioo cha ukuta wa bwalo la chakula. Longino Ngonyani, mzaha mlangoni, arudishwe duniani kwa chombo kinachoondoka baada ya siku mbili.

Nilikaa chini pale pale, uji mkononi. Nilikuwa nimesahau. Miaka kumi na moja nyuma vijana wawili walikuwa wakitaniana Mlango wa Kwanza, huyu amfungie yule, yule amfungie huyu, mlango ukakwama na watu sita wakafa kwa kukosa hewa. Tangu siku hiyo tulikubaliana wenyewe, kwa kura, kwamba neno hilo la mzaha likitajwa pamoja na mlango, mtu anaondoka. Hata mimi nilinyoosha mkono siku ile. Sheria ni nzuri. Mimi ndiye niliyemwingiza humo mtu asiyestahili.

Daktari Nafula, mganga wetu mkuu kutoka Bungoma, alinikuta bado nimekaa. "Zaina, sikiza," akasema. "Yule mzee ana miaka kumi na tisa hapa. Moyo wake umezoea kusukuma damu ya mtu mwepesi. Ukimshusha duniani uzito unarudi mara sita kwa siku moja. Sidhani atamaliza wiki."

"Umemwambia Karani?"

"Nimemwambia. Anasema afya si sababu, hata wale sita walikuwa na afya. Anasema tatizo ni neno, na neno limetolewa na mkalimani."

Basi nikaenda kwa Karani mbio. Kuna chumba kidogo karibu na pampu, kiti kimoja na kioo kimoja, ambapo mkalimani anaweza kuomba kubadilisha neno alilotoa. Kanuni inampa nafasi mbili. Sikuketi hata vizuri. Nikasema neno walilozoea kulitumia wazungu wanapoandika habari zetu, "ritual," yaani jambo la mila linalofanywa kwa utaratibu wake.

Karani akaliangalia neno. Akaniuliza, kwa upole wote alio nao: utaratibu umeandikwa wapi? Nani kiongozi? Mlango ulizuiwa kwa kibali cha nani? Je, washiriki walijua mapema litakalotokea?

Utani ukiombewa kibali siyo utani tena. Mzee Ngonyani mwenyewe, nina hakika, hakujua atalala pale mpaka alipouona mlango. Karani akafuta neno langu, akanikumbusha imebaki nafasi moja.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akinisema, "Zaina, ulimi wako unatangulia sokoni kabla ya kikapu." Nilimkumbuka pale. Nilitamani kulia, na nililia kidogo, kisha nikajifuta kwa kiganja, maana chumba hakina hata kitambaa.

*

Daktari ndiye aliyeleta njia rahisi. Alinifuata jioni akiwa ameshalifikiria.

"Nina neno," akasema. "Confusion. Kuchanganyikiwa. Mzee wa miaka sabini na minne, amefiwa na rafiki, akapotelewa na akili kwa dakika nne. Nitatia saini. Karani analikubali neno hilo kila wiki, hata hakuulizi. Mzee anabaki."

"Anabaki vipi?"

"Anavaa bangili nyekundu. Hatembei peke yake. Glavu hatoshona tena, maana glavu ikivuja mtu anakufa. Lakini anaishi."

"Na mtani mwingine akilala mlangoni mwaka kesho?"

Sote wawili tunajua Karani anavyofanya kazi. Neno likishawekwa juu ya jambo linakaa hapo. Kila atakayefanya kama Mzee Ngonyani ataletwa kwa Daktari, atapimwa ubongo, atapewa dawa. Na mimi ningekuwa nimeandika, kwa jina langu, kwamba bibi na babu zetu wote waliowahi kulala kaburini kwa watani wao walikuwa wagonjwa.

Lakini mtu ni mtu. Maneno yanaweza kungoja, moyo wa mzee hauwezi. Nilikwenda kwake nikiwa nimeshaamua kwa asilimia kama tisini.

Nilimkuta kwenye meza yake ya kazi, sindano mkononi, aproni la ngozi kiunoni, kofia ya sufu ya marehemu bado kichwani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisaidia kufunga mizigo?"

"Nimekuja kuomba radhi. Mimi ndiye niliyekuponza."

"Najua. Nimesoma ukutani." Akavuta uzi. "Kiingereza kizuri. Kifupi."

Nikamweleza neno la Daktari. Nilimweleza lote, na bangili nyekundu, na glavu. Alisikiliza bila kunikatisha, kitu ambacho si kawaida yake.

"Ngoja nikuulize," akasema. "Kama nilikuwa nimechanganyikiwa, Kikoti nimemzika au sijamzika?"

"Umemzika, Mzee."

"Hapana. Amezikwa na kichaa. Yule mtu nilimwosha mimi, mkewe hakuweza, machozi yalikuwa yanamziba macho. Nilimfunga shuka mimi. Nilimzuia mlangoni ili watu wamtazame mara ya mwisho wakiwa wanacheka. Hiyo ni kazi, binti Semboja. Nilimwahidi, naye aliniahidi. Ukiandika kwamba sikuwa na akili zangu, basi Kikoti amelala huko nje hana mtani."

"Lakini utakufa, Mzee wangu."

Mkono wake ukatulia juu ya glavu. "Sitaki kufa. Usidhani mimi shujaa. Tangu asubuhi chakula hakipiti, ninaogopa sana." Akanitazama. "Ukikosa neno kabisa, liandike hilo la Daktari, mimi sitakulaumu. Ila kwanza tafuta. Hivi umeshatafuta, au umekimbia tu kama Mhehe aliyeona mbwa?"

Nikacheka bila kupenda. Nilijisikia mjinga, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimekimbizana na maneno siku nzima, wala sikuwa nimejiuliza kitu chenyewe ni nini.

*

Kwa hiyo siku ya pili nilianza kujiuliza, na hapo, nikiri, hofu ilipungua na udadisi ukanishika. Mimi nimezaliwa ndani ya utani. Wanyamwezi waliopita kwetu Handeni walikuwa watani wa babu zangu, na nimemwona mama yangu akinyang'anywa kitenge msibani na mwanamke asiyemjua, akamwachia. Sijawahi kuuliza kwa nini. Nani anauliza kwa nini maji yana ubaridi?

Nilimkuta Mama Kikoti jikoni, anakanda unga kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

"Ulimwambia lile dude kwamba ni mzaha?" akauliza kabla sijakaa.

"Nilimwambia, Mama."

"Mzaha na maiti ya mume wangu?"

"Nilikosea. Nisaidie nisikosee tena. Utani wenu ulianzaje?"

Akakanda kwanza. "Tulipigana," akasema. "Zaidi ya miaka mia mbili sasa. Wangoni walikuja na ngao zao, Wahehe wakawa na mikuki yao. Babu zangu waliua babu zake, babu zake waliua babu zangu. Walipigana mpaka wakachoka, hakuna aliyeshinda. Sasa mtu uliyepigana naye hivyo utaishi naye vipi? Utasema tumesahau? Hujasahau. Utasema tunapendana? Humpendi. Basi wakasema, tutatukanana. Maneno yote tuliyoyaweka moyoni tutayasema hadharani, na ni marufuku kukasirika. Na ukifa, nitakuzika mimi, kwa sababu ndugu zako watakuwa wanalia na mimi nitakuwa na macho makavu."

"Macho yake yalikuwa makavu juzi?"

"Alilia usiku kucha nyumbani kwangu," akasema Mama Kikoti. "Mlangoni aliyakausha."

Nilikaa pale muda mrefu. Nilifikiria neno la majonzi. Majonzi yalikuwepo, lakini yalifichwa kwa makusudi. Nilifikiria undugu. Walikuwa karibu kama ndugu, ila ndugu asingeruhusiwa kulala pale. Nilikuwa kama mtu anayepapasa gizani kwenye meza anayoijua, kila anachoshika ni kitu, lakini sicho. Kisha nikarudia maneno ya Mama Kikoti moja baada ya jingine. Walipigana. Walichoka. Wakawekeana masharti. Wameyashika mpaka leo, mpaka huku juu.

Waingereza nao walipigana sana. Lazima wana neno la hilo.

Nikalipata, na nikaogopa kulisema hata kimoyomoyo nisije nikalichakaza. Lakini nilijua Karani atakachouliza kwanza: saini iko wapi? Nilikuwa na neno ila sikuwa na karatasi. Na nafasi ilikuwa moja. Nikilikosa, hata la Daktari halitapokelewa tena.

Nilirudi kwa Mzee Ngonyani nikamwambia hivyo hivyo. Kwamba nikitumia nafasi kwa neno la kweli na likakataliwa, anapanda chombo kesho. Kwamba nikitumia la uongo, anaishi. Nilitaka aniamulie, nakiri. Alikuwa anakata uzi kwa meno.

"Unaliamini neno lako?"

"Ninaliamini."

"Basi nenda nalo. Na umchukue yule mwanamke wa Kihehe, maana peke yako utakimbia."

*

Tuliingia chumba cha pampu wawili, Mama Kikoti akakaa kwenye kiti, mimi nikasimama. Safari hii sikutoa neno. Niliuliza swali.

"Karani," nikasema, "una sauti zote za Faustino Kikoti na Longino Ngonyani kwa miaka kumi na tisa. Nitafutie kila mara mmoja alipomtukana mwenzake."

Haikumchukua hata pumzi moja. Mara elfu nne mia moja na kumi na mbili. Nyingi aliziandika chini ya unyanyasaji, akazifunga kwa kukosa mlalamikaji.

"Ngapi zilifuatiwa na ngumi?"

Hakuna.

"Sasa niambie ndani ya siku ile ile, baada ya tusi, walifanyiana nini."

Akaanza kusoma. Kikoti alifanya zamu ya Ngonyani mara mia tatu na sita. Ngonyani alimpelekea Kikoti chakula mara mia nane na zaidi. Mara tisa mmoja alimbeba mwenzake kwenda kwa Daktari. Mara moja, pampu ya tano ilipopasuka, Kikoti alirudi ndani ya mvuke kumtoa Ngonyani, na neno la mwisho kabla hajaingia lilikuwa tusi. Karani alilisoma lile tusi kwa Kiingereza, likasikika vibaya, na Mama Kikoti akacheka mpaka akajishika tumbo.

"Na mioyo yao?" nikauliza. "Anapotukanwa, moyo wa mtu huwa unafanyaje?"

Hupanda, akasema Karani. Kwa watu wote alionao, hupanda. Kisha nilijua ameliona nililoliona, kwa sababu aliongeza jambo ambalo sikumuuliza. Kwa hawa wawili ulikuwa unashuka. Akasema hana neno la tusi linalotuliza moyo. Akasema angependa kulijua.

Miaka saba nimefanya kazi na Karani, sijawahi kumsikia akisema angependa.

Sikulitoa mara moja. Nilimgeukia Mama Kikoti. "Mama, nikimpa neno hili linakuwa lake pia. Mlichokuwa mkifanya kwa kupenda atakifanya kuwa sheria. Atakiangalia kama anavyoangalia milango. Sijui kitatokea nini mbele. Niseme?"

Alifikiri. Mikononi alikuwa na unga bado. "Kitu chetu kitaharibika kidogo," akasema. "Lakini Mngoni ataishi. Sema."

"Treaty," nikasema. Mkataba wa amani.

Pande mbili ni zipi? Wahehe na Wangoni. Vita gani? Nikavitaja. Masharti? Mama Kikoti akayataja kwa Kiswahili, mimi nikayafasiri: kutukanana ni ruhusa, kukasirika ni mwiko, anayekufa anazikwa na mtani wake, naye mtani hataacha maiti ipite bila kuisimamisha na kuifanyia utani.

Nani alitia saini?

Nilikuwa nimetembea na swali hilo tangu jikoni. "Hakuna," nikasema. "Walikuwa hawaandiki. Wanatia saini kila wanapokutana. Unazo saini elfu nne mia moja na kumi na mbili, umezisoma mwenyewe sasa hivi. Na iliyo ndefu kuliko zote ilitiwa juzi, Mlango wa Tatu, dakika nne."

Karani alinyamaza sekunde arobaini. Kwa mashine ile ni kama miaka. Pampu ziliguruma nyuma ya ukuta. Mama Kikoti alinishika mkono akaupaka unga.

Neno limepokelewa, akasema. Mshtakiwa hakufanya mzaha. Alitimiza wajibu. Kisha akaongeza kile ambacho huongeza kwenye mikataba yote: masharti yatasimamiwa.

Nilimkimbilia Mzee Ngonyani nikamwambia. Aliweka glavu chini, akauliza kama Mhehe alichangia chochote au alikwenda kula tu.

*

Aliishi mwaka mmoja na miezi miwili zaidi. Alifia kwenye meza yake, sindano imechomekwa vizuri kwenye kitambaa, glavu ya kushoto imekwisha na ya kulia nusu. Daktari alisema ni moyo, na kwamba haukumuuma.

Mama Kikoti alikuwa Mhehe pekee aliyekuwa karibu siku hiyo. Alimwosha, akamfunga shuka. Lakini tulipofika Mlango wa Tatu hakuwa na macho makavu. Alikuwa amezeeka ndani ya mwaka ule, amefiwa na mume, na sasa amefiwa na mtu pekee aliyekuwa akimwita mla mbwa. Alisimama pembeni ya toroli analia tu, kama ndugu. Hatukutaka kumsumbua. Tukasukuma toroli.

Mlango wa ndani haukufunguka.

Mtu mmoja akasema ni hitilafu. Mwingine akapiga kioo kwa kidole. Mimi nilikuwa zamuni tena, na Karani akaninong'oneza sikioni. Upande wa pili haujatimiza masharti. Maiti haijasimamishwa. Maiti haijataniwa. Haiwezi kupita.

Nilipata hasira kwanza. Nilitaka kumwambia aache upuuzi, mwanamke amechoka, fungua. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikaufunga, jambo ninalolifanya mara chache, nikamwendea Mama Kikoti nikamwambia polepole, "Mama, Karani amekataa. Anasema huyu Mngoni hajatukanwa."

Akanitazama kama hajaelewa. Akautazama mlango, akautazama mwili. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, taratibu, mara mbili. Kisha akafungua aproni la ngozi lililokuwa limewekwa juu ya miguu ya marehemu, akajifunga kiunoni, akakohoa kikohozi kikavu kama alichokuwa akikohoa Mzee Ngonyani kila anapoanza kazi.

"Mngoni," akasema. Sauti ilikwaruza. "Kumbe umekimbia tena."

Nyuma mtu akaguna.

"Tangu kwa Wazulu mnakimbia. Mkafika Songea mkasema basi, hatukimbii tena. Uongo. Ukakimbilia mwezini. Sasa unakimbia na hapa? Huko nje unakokwenda kuna Kikoti amekaa anakungoja, na mbwa wake. Utakimbilia wapi?"

Kicheko kikaanza, kile kile, kutoka nyuma kuja mbele. Mama Kikoti akajilaza kizingitini, chali, na kukunja mikono kifuani. Machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni na alikuwa anacheka.

"Siondoki hapa," akasema. "Nataka jogoo."

Tukaanza kupekua mifuko. Daktari Nafula ndiye aliyekuwa na pakiti ya supu. Nilisimama nikiwa tayari, nikingoja Karani aniulize hiki ni nini.

Hakuuliza. Alingoja mpaka Mama Kikoti alipoinusa ile pakiti na kulalamika kwamba kuku ameungua, mpaka alipoinuka na kushika toroli mwenyewe. Ndipo akafungua.